Nimenyunyiza Mwarobaini, Wadudu Wako Palepale

SWALI: Shikamoo Bi Bustani. Bamia zangu hapa Msabaha zimejaa vidukari, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wenye mji. Nikachemsha majani ya mwarobaini, nikanyunyiza saa sita mchana. Kesho yake hakuna aliyekufa. Jirani anasema mwarobaini ni uongo, nitumie tumbaku au utupa. Nifanyeje?
Mwenye Bamia, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa iliyo ndani ya mwarobaini, azadirachtini, haipendi moto wala jua kali, nawe umeipa vyote viwili siku moja. Tena usitazamie iangushe wadudu papo hapo. Hiyo ni kazi ya pareto, inayolimwa huko bara Nakuru na Nyandarua. Mwarobaini humkatisha mdudu hamu ya kula, na watoto wake hushindwa kujivua ngozi wakue. Subiri siku kadhaa, usihesabu maiti asubuhi.

Majani yaache, nguvu iko kwenye kokwa. Popo wakishakula matunda usiku huziacha tele chini ya mti. Okota, osha, anika kivulini zikauke. Zenye ukungu tupa. Bambua maganda, twanga nusu kilo, roweka usiku kucha katika lita 10 za maji baridi. Chuja kwa kanga kuukuu, la sivyo bomba litaziba unilaumu mimi. Tia sabuni kidogo ili ishike. Nyunyiza jua likielekea kuzama, na upinde mgongo: vidukari wanakaa chini ya jani, ukinyunyiza juu unaosha vumbi tu. Rudia baada ya wiki, kwa dawa mpya.

Hao sisimizi wana maslahi yao. Vidukari hutoa majimaji matamu wanayoyapenda sisimizi, nao sisimizi huwalinda vidukari wasiliwe na wadudu wengine. Tafuta tundu lao, mwagia maji ya moto, mbali na mizizi.

Tumbaku sikushauri, nikotini hupenya ngozini ikakuumiza wewe kabla ya mdudu. Utupa ndio kabisa! Ni mmea wa kuvulia samaki kwa sumu, na ukitiririka hadi kwenye bwawa la mtu anayefuga samaki, kesi ni yako.

Bamia zilizokomaa zichume kabla ya kunyunyiza, na zitakazofuata zioshe vizuri. Uchungu wa mwarobaini ukiingia kwenye mchuzi, watoto wataususa wote.