Re: Mtihani wa leseni ya uuguzi: kwa nini maswali ya maadili yananiangusha?

Mdogo wangu wa Kaliua, unasema maswali ya dawa unayamudu, ila yakija ya maadili unaona majibu yote manne yako sawa. Wachangiaji wa juu wamekushauri ukariri miiko ya kazi. Kariri, sikatai, ila utakwama palepale. Maswali mengi ya maadili yana swali la kitabibu ndani yake, na usipoliona hilo utachagua jibu lenye adabu badala ya jibu linalomlinda mgonjwa.

Chukua hili nililoliona leba, hospitali moja ya wilaya mkoani kwetu Tabora. Mama kaletwa kwa bodaboda kutoka vijiji vya tumbaku, ana kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, keshapata: gramu 4 za mshipa na gramu 10 za makalioni, tano kila upande. Saa nne zimetimia, gramu 5 nyingine zinadaiwa, na daktari wa zamu kaandika kwenye faili aendelee. Sista mmoja mtu mzima alikuwa keshavuta dawa. Akaiweka kwenye trei kwanza, akahesabu pumzi dakika nzima: 12. Akagonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, mguu kimya. Akainua mfuko wa mkojo kwenye mwanga, mkojo haukufika hata mstari wa kwanza. Akapiga simu: "Dokta, hii sichomi. Njoo umwone sasa hivi." Kabla daktari hajafika, kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi mwilini, ilishatolewa kabatini, na kwenye chati kulikuwa na muda, vipimo, na sababu ya kusitisha dozi.

Sasa ligeuze liwe swali la mtihani. Utapewa: choma kwa kuwa ni agizo la daktari, choma nusu, sitisha na mjulishe daktari, subiri raundi ya asubuhi. Asiyekumbuka kwamba kabla ya kurudia magnesiamu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, ataona kutii agizo ndiyo nidhamu. Ile ya nusu ndiyo inayowanasa wengi, maana inafanana na busara. Kupunguza dozi kwa kichwa chako si mamlaka yako. Kusitisha dozi yenye hatari na kuita mwenye mamlaka ni wajibu wako.

Ridhaa nayo wanaipenda. Mama anahitaji upasuaji, mume yuko porini kwenye mizinga ya nyuki, mama mkwe anasema asubiriwe mwenye mke. Huku kwetu tunajua uzito wa neno la mama mkwe, na utamwamkia na kumweleza kwa heshima zake zote. Lakini mgonjwa ni mtu mzima, ana akili zake timamu: anaelezwa yeye, anasaini yeye.

Siri ya majibu ya VVU: angalia madesa (notsi) unayosomea ni ya mwaka gani. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ilirekebishwa 2019, umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa hiyo binti wa miaka 16 akija mwenyewe kupima, kisha mama yake akakufuata korido akitaka majibu, humpi. Wala humdanganyi kwamba hakuna kitu (chaguo hilo huwekwa makusudi). Unarudi kwa binti, unamuuliza kama angependa umsaidie kumwambia mama yake.

Halafu soma neno "kwanza" kwenye swali. Mara nyingi majibu yote manne ni mambo ya kufanya kweli, wanachopima ni mpangilio. Mama anavuja damu baada ya kujifungua na kizazi kimelegea: unakanda kizazi huku unaita msaada, faili litaandikwa baadaye. Kama swali halijakupa vipimo, jibu huwa ni kupima. Kama wameshakupa presha, mapigo na kiasi cha damu, ukichagua kupima tena unapoteza muda wa mgonjwa.

Kuhusu diskasheni, ndiyo, someni pamoja, ila kila mtu aseme kwa nini majibu matatu hayafai. Hapo ndipo mtabishana vizuri. Lile swali la mzee anayekataa kuongezewa damu uliloligusia mwishoni, liweke hapa lote na machaguo yake tulichambue.