Ndugu Wawili, Majembe Mawili, Hela Mikono Miwili

Wiki iliyopita binti mmoja wa upande wa Mueda, Msumbiji, alinisimamisha sokoni hapa Newala, Mtwara. Wamekuja yeye na kaka yake, wamepata palizi kwenye mikorosho ya mtu, sasa anauliza wafanyeje wasije wakapunjwa. Nilimjibu juujuu maana nilikuwa napimiwa mbaazi. Haya ndiyo niliyotakiwa kumwambia.

Mimi na mdogo wangu tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi mwaka 2008, Daraja la Umoja pale Mtambaswala halijafunguliwa bado. Nilikuwa na miaka 22, yeye 17. Kuvuka kwenyewe si habari mpya. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 wazee wetu walivuka, wengine wakafikia kambi ya wakimbizi ya Rutamba kule Lindi, na tangu mji wa Mocímboa da Praia kule kwetu ushambuliwe Oktoba 2017 watu wamevuka tena. Newala hakuna atakayekushangaa. Kimakonde mtasikilizana, ila ukisema "machamba" watoto watakucheka mpaka uzoee kusema shamba. Siku za mwanzo tulikuwa tunakwenda pale Shimo la Mungu, kwenye genge, jioni, tunakaa ukingoni kutazama ng'ambo ya mto. Tukaacha. Ilikuwa inatuchelewesha kupika.

Kosa letu lilikuwa kujitambulisha kama kitu kimoja. "Sisi ni ndugu, tupe kazi pamoja." Mwenye shamba akakubali haraka mno, na hapo ningeshtuka. Tulilima wawili, tukahesabiwa mmoja. Siku ya malipo akamwita mdogo wangu kwa kuwa ndiye mwanaume, akamhesabia yeye. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga nimesimama pembeni na jembe langu kama shahidi. Wiki tatu sikujua tumelipwa shilingi ngapi. Wiki ya nne mdogo wangu akaja na baiskeli.

Hakulewa, nisimsingizie. Angelewa uraka, pombe ya mabibo, ningekuwa na kisa chepesi cha kusimulia. Baiskeli ilikuwa na akili: huku juu maji ni ya taabu, akawa anashuka bondeni na madumu, anapanda kuuza. Lakini nusu ya ile baiskeli ilikuwa mgongo wangu, na sikuulizwa. Tuligombana akahamia Masasi, msimu mzima hatukusemezana.

Kwa hiyo, binti, kabla jembe halijagusa ardhi, mwambie mwenye shamba mbele ya kaka yako: kila mtu apewe ngwe yake, kipande chake cha kulima, na apokee ujira wake mkononi. Kaka atanuna siku mbili. Chungu kibaki kimoja, mchange unga na chumvi, lakini kila mtu ajue ameingiza kiasi gani.

Halafu hiyo ngwe. Yule mwenye shamba wetu alikuwa mrefu, na ngwe alipima kwa hatua zake mwenyewe. Asubuhi ana hatua fupi akikuonyesha mfano, mchana zinarefuka. Sisi tulikuja kukata kamba, tukaifunga mafundo mawili, ngwe ikawa hiyo kamba na si miguu ya mtu. Msimu wa kuokota ukifika, uliza ndoo ni mfuto, yaani ya kusawazishwa, au lumbesa, ya kujazwa mpaka ifurike, na uliza kabla hujainama.

Usikubali kulipwa korosho. Hili nalisisitiza kuliko yote. Tangu msimu wa 2007 korosho ghafi za mkoa wetu zinapita stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani. Wewe mgeni usiye na hata mkorosho mmoja, ukikutwa na nusu gunia ndani utaitwa mwizi, au utaambiwa unafanya kangomba, biashara ya magendo ya korosho. Aliyekulipa atasema hakujui.

Kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kunalipa vizuri zaidi, ila hufanywa alfajiri majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Funga kitambaa puani, macho yakiwasha yaoshe kwa maji mengi, usiyafikiche. Na mapema kabisa nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mseme kweli mmetokea wapi. Watawaelekeza Uhamiaji kwa habari ya vibali. Ukidanganya kwamba umezaliwa upande huu, Nanyumbu, utaulizwa shule uliyosoma.

Siku hizi nina mikorosho yangu michache, na mdogo wangu huja kunipulizia. Namlipa kama kibarua yeyote. Msimu uliopita niliweka vibarua wawili, dada na kaka, wageni kabisa. Siku ya malipo nikawaita wote, kila mmoja nikamhesabia zake mkononi. Dada akashukuru kwa goti, akageuka, akampa kaka yake zote. Mdogo wangu alikuwa ameegemea baiskeli. Akaniangalia, akaangalia pembeni.