Nani ana uwezo wa kumwondoa meneja mkuu wa Buffalo Sabres, timu ya hoki ya barafuni ya Marekani?

Mmiliki, ndugu. NHL, ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, haimwondoi meneja mkuu kwa sababu timu inafungwa, na mashabiki hawana kura. Silaha yao ni kuacha kununua tiketi na kupiga kelele hadi asikie.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomlaumu kocha kila msimu. Terry Pegula aliinunua timu Februari 2011. Miezi miwili baadaye Sabres wakacheza mtoano, wakatolewa na Philadelphia katika mechi ya saba. Kuanzia hapo hadi 2025 ikawa misimu 14 mfululizo bila kuonja mtoano, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya NHL. Makocha wamefukuzwa mmoja baada ya mwingine. Mameneja wakuu nao: Regier 2013, Murray 2017, Botterill 2020. Huyo Botterill alitimuliwa pamoja na maskauti (watafuta vipaji) wengi, na nafasi yake akapewa Kevyn Adams ambaye hakuwahi kuwa meneja mkuu popote. Uamuzi huo hakuufanya kocha. Watu wa Buffalo wanaipenda hoki ya barafuni kwa dhati, wanastahili maelezo kutoka kwa mwenye timu mwenyewe.

Ila kwenye makosa ya kimaadili, siyo matokeo ya uwanjani, ligi huingilia. Mwaka 2021 iliitoza timu ya Chicago Blackhawks faini ya dola milioni 2 kwa jinsi uongozi ulivyoshughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kingono ya mwaka 2010, na meneja mkuu wao akajiuzulu.