Mkataba wa fremu umeandikwa 45,000 badala ya 450,000

Pole sana dada. Umesema mlikubaliana kodi ya 450,000 kwa mwezi, mchapaji akaruka sifuri moja, na sasa mpangaji anashikilia 45,000 iliyo kwenye karatasi.

Sahihi yako haijakufunga moja kwa moja. Mahakama inaweza kurekebisha maandishi yaendane na mlichokubaliana. Haiwatungii makubaliano mapya: ukija kujuta kwamba bei ilikuwa ndogo, hapo haikusaidii.

Uingereza, kwenye kesi ya Joscelyne dhidi ya Nissen iliyoripotiwa mwaka 1970, baba alimwachia bintiye biashara ya magari ya kukodi, naye binti alipe gesi, umeme na makaa ya nyumbani. Mkataba haukuyataja waziwazi. Mahakama ya Rufani ikaurekebisha, kwa kuwa nia yao wote wawili ilithibitika.

Kwa hiyo kazi yako ni ushahidi, tena mzito. Umesema miezi miwili ya kwanza mpangaji alituma 450,000 kwa simu. Hizo meseji za malipo ni dhahabu! Usizifute, zichapishe leo. Tafuta na dalali aliyewakutanisha.

Tafadhali usichukue kalamu ukaongeza sifuri mwenyewe, utageuka mtuhumiwa wa kughushi. Mwite kwanza mbele ya shahidi, mwandike nyongeza ya mkataba, msaini wote. Akikataa, mwone wakili mapema. Ukiendelea kupokea 45,000 kimya kimya, atasema uliridhika.