Bosi kalazwa, simu zinaita: ujibu nini?

Msomaji wangu mmoja wa Sengerema ameniuliza: bosi wake amelazwa, simu za wateja haziishi, aseme nini? Dada, swali lako limenigusa pabaya.

Mama yangu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka jana alipougua, simu yake aliachiwa kijana anayemsaidia mizigo. Kijana ana adabu zake, ila hakuna aliyemfundisha. Mteja wa Geita akapiga, naye akajibu kwa sauti ya chini, "Mama amepumzika." Upande wa pili kimya. Kisha: "Jamani, poleni sana. Mazishi lini?" Jua halijazama, habari imeshazagaa mwaloni, na mama mdogo kule Nansio anafunga kanga za msibani. Jirani yetu wa biashara, mtu tuliyekula naye sahani moja, akawa anawapigia wateja wahamie kwake. Hilo bado linaniuma.

Nikaichukua simu mimi. "Mama hajisikii vizuri kidogo. Mzigo wako nausimamia mimi, saa kumi nakupigia." Na saa kumi napiga kweli. Wateja wetu wa Kongo hawakuondoka hata mmoja, na najivunia hilo mpaka leo.

Kwa hiyo dada, ugonjwa usiutaje jina. Presha, sukari, kizazi, hayo ni ya mgonjwa na watu wake. Kwa mtu usiyemjua, "amepata udhuru" inatosha. Mteja wa siku nyingi mwambie afya imetetereka kidogo, maana huyo atataka kuja kumwona. Mzee wa Kisukuma akipiga asubuhi, anza na "Mwangaluka", msalimiane mpaka mwisho, ndipo umweleze. Ukitanguliza ugonjwa kabla ya salamu, umemkosea yeye na mgonjwa.

Usiseme "yuko safarini" wakati yuko wodini. Mwanza tunajuana, kesho mtu anakwenda kumwona ndugu yake, anamkuta bosi wako kitanda cha pili, basi ninyi nyote waongo. Na tuache kabisa hii tabia ya kutangaza maradhi ya watu kwenye magrupu ya WhatsApp, eti tunaomba maombi. Umemwuliza mwenyewe? Mtu akilala kitandani hajakukabidhi heshima yake uigawe.

Kila anayepiga, andika jina lake na alichotaka, jioni umsomee bosi akiwa na nguvu. Mama alikuwa ananiuliza orodha hiyo kabla hata ya kumeza dawa.