Mwenye namba yako kwenye simu yake usimhesabu

Mkuu, hilo dodoso usilitume kwanza. Umesema unatengeneza programu ya wasafirishaji wadogo wa mizigo, utaanza na kundi la WhatsApp la uliosoma nao pamoja na binamu zako "kwa sababu wanapatikana", na unauliza wangapi wanatosha, uwalipe au la, urekodi sauti au uandike. Mimi nimekwama hapo kwenye "wanapatikana", maana ndipo hela yetu ilipozama.

Sisi tulikuwa tunatengeneza programu ya mafundi cherehani: kupokea oda, kuweka vipimo, kumkumbusha mteja siku ya kuchukua nguo. Mshauri tuliyemlipa akatuambia watu watano wanatosha, tuanze na tulio nao. Tukahoji marafiki, dada wa mwenzetu, na rafiki mmoja anayeshona wikiendi. Wote wakasifia. Wangesema nini kingine? Mtu mtakayekaa naye meza moja kwenye harusi ya ndugu yenu hawezi kukuambia usoni kwamba kitu chako hakina kazi.

Tukajenga yote. Ili ufungue vipimo, ilibidi kwanza uandike jina la mteja na namba yake. Tulipokuja kuipeleka kwa fundi asiyetujua kabisa, aliishika simu, akaiangalia, akaiweka mezani, kisha akafungua daftari lake. Kila ukurasa una kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini, vipimo vimeandikwa pembeni, jina hakuna. Mteja akitokea mlangoni anaulizwa, "Chako kitambaa gani?", halafu fundi anapekua kwa rangi mpaka anakipata. Sasa utafutaji wetu, risiti, vikumbusho, vyote vilining'inia kwenye jina. Hela iliyobaki iliishia kwenye kubomoa. Na yule wa wikiendi asingeweza kutuonya: anawashonea rafiki zake, majina yao anayajua tangu utotoni.

Yule mshauri mpaka leo hasira naye hazijaisha. Hiyo "watano" ni ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu na tovuti ni rahisi kutumia. Mwaka 1993 yeye na mtafiti mwenzake Thomas Landauer walitoa hesabu yake, na mwaka 2000 akaandika kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Hapo anazungumzia kumkalisha mtu mbele ya kitu na kuangalia anakwama wapi. Kama kitu chenyewe kinahitajika, au kazi inafanywaje kabla hujafika, hesabu hiyo haigusi. Tena Nielsen mwenyewe alisema watumiaji wakiwa wa makundi tofauti sana, uongeze watu kwa kila kundi. Anayechukua hela za watu kwa ushauri alitakiwa awe amesoma makala mpaka mwisho!

Na usidhani ukijaza watu mia utapona. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani watu wenye nafuu, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wengi waliotumiwa karatasi za kujaza hawakuzirudisha.

Kwa hiyo: mtu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake, usimhesabu. Wala rafiki yake aliyeambiwa "msaidie kijana wetu". Nenda mizigo inapopakiwa, subiri mtu apumzike, mwambie unajifunza kazi yake, na programu ibaki mfukoni. "Ungetumia hii?" usiulize kabisa, kila mtu atakujibu ndiyo ili uondoke kwa amani. Muulize mzigo wa mwisho uliochelewa ilikuwaje, alimpigia nani, deni aliliandika wapi. Akisema ameandika, omba akuonyeshe hapo alipoandika. Wapo watakaokufukuza, wana kazi zao. Sogea kwa mwingine. Na usimtegemee mmoja akupeleke kwa wenzake wote, utajikuta uko ndani ya duara lingine. Anzia sehemu mbalimbali, kwa watu wasiofahamiana.

Ukishampata wa kwanza asiyekujua, rudi utuambie alikuonyesha nini.