Wavuvi walihesabu miongo, si burji

La, ndugu unayedai kwamba wavuvi wa Mombasa walipanga mwaka wao kwa burji, yaani nyota ya kuzaliwa, iwe Hamali, Asadi au Akrabu: hawakufanya hivyo, bali waliupanga kwa mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa Waswahili wenye siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada, na kwa hesabu hiyo walijua lini pepo za kaskazi zitaingia na lini pepo za kusi zitachafua bahari. Nilifunzwa na babu yangu, nahodha wa Mji wa Kale. Ila mwaka huo hauna siku ya nyongeza, hivyo kila miaka 4 hutangulia majira kwa siku moja, na hesabu za zamani sharti zirekebishwe. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), kwa upande wake, hufuata mwezi wa angani.